Boma la Zamani kwa Penseli

Miwa ilipoanza kulipa, watu wa upande wetu wa Bukura waliipanda hadi kizingitini. Baba naye hakutaka kuachwa nyuma. Alibomoa nyumba yetu ya zamani, akatujengea ya mabati kando ya barabara, kisha trekta ikalima boma lote. Katikati ya miwa ulisalia mti mmoja tu, murembe, kwa sababu kwetu hakuna anayethubutu kuukata. Huleta mikosi.

Nyuma ya nyumba ile ya zamani alizikwa dada yangu, aliyefariki kabla ya kuota meno. Mama alimwuliza baba kama trekta iligusa kaburi. Baba akasema liko salama, chini ya murembe. Miwa ikishampita mtu kimo, hujui tena hata jiko lako lilikuwa wapi, basi mama akaamini. Jioni alisimama uani akiutazama mti ule, na uso wake ulitulia.

Jumapili moja aliniomba nimchoree boma, maana picha hatukuwa nayo. Nikachora haraka haraka: duara la nyumba, kijiti cha mti, basi. Akacheka.

"Ni hapa," akasema, akiweka kidole kati ya duara na mti. "Lakini hii ni kama ya mtoto wa nasari. Weka na ghala. Weka pale tulifunganga ng'ombe."

Mimi nikidharauliwa kazi yangu sikubali. Nilichora kwelikweli: ghala na paa lake la nyasi, ng'ombe na kamba yake, jiwe la kusagia, nguo zilizoanikwa. Kila kitu kilidai nafasi yake, na murembe ukasogea hadi pembeni mwa karatasi. Tuta dogo la kaburi nikaliweka nyuma ya nyumba, nilivyolikumbuka, upande wa pili kabisa, mbali na mti.

Mama alilitambua ghala, akaligusa. Kisha akapitisha kidole kutoka kwenye tuta, akapita nyumba, ghala na ng'ombe, hadi kwenye mti. Kidole kilichelewa kufika.

"Kwa hivyo trekta ilipita juu yake."

Baba alikuwa mlangoni. "Yaliyopita si ndwele," akajibu, akatoka. Methali hiyo naichukia.

Nilimwambia mama huenda nimekosea vipimo. Hakunisikiliza. Alikuwa ameshakumbuka.

Mwaka ule miwa yetu ilistawi kuliko ya majirani wote. Wakataji walipokuja, mama alijifungia chumbani hadi trela la mwisho lilipoondoka kwenda kiwandani. Tangu hapo alikunywa chai bila sukari, mpaka kufa kwake.