Ubao wa Pili wa Fundi Aruna

Kabla ya Uhuru, Aruna Mbaraka aliitwa Kapu, kwa sababu mitumbwi aliyoiunda ilipitisha maji. Baba yake alitoka Manyema na msumeno begani, akaunda mitumbwi iliyovuka hadi Kigoma na kurudi mikavu. Mwana alirithi msumeno, mkono hakuurithi. Mwaka 1959 mtumbwi wake mmoja uliachia mbao karibu na Gatete, mchana kweupe, ziwa limetulia, watu wakiona kutoka ufukoni. Ndani yake alikuwa Sefu, mdogo wake. Tangu siku ile hakuna mtu mjini Rumonge aliyemwagiza mtumbwi mpya. Alipewa kuziba nyufa tu, na hata hapo mwenye mtumbwi alisimama kando akimtazama mikono.

Halafu, Julai 1962, akatengeneza ubao.

Kilikuwa kipande cha mvule kilichosalia kwenye kazi ya fundi mwingine, urefu wa mkono mmoja. Juu yake alichora nyumba sitini kwa rangi ya mafuta, zikijipinda kama barabara ya Gitaza. Kila mchezaji alikuwa na kijitumbwi chake cha mti. Unarusha kauri tano. Zitakazolala chali ndizo hatua zako. Njiani walikungoja Wazungu. Bwana Shamba na fimbo yake ya kupimia mihogo: rudi nyumba nne. Mbwa wa bwana mkubwa, aliyekula nyama watu wakila sombe, majani ya mihogo: kosa zamu. Daktari wa sindano, pua kama mwiko: kimbia nyumba tatu. Nyumba ya sitini ilikuwa Uhuru. Pale palikuwa na ngoma, jua, na ziwa lisilo na askari wa forodha.

Waliucheza kwenye baraza la mgahawa wa Kulthumu, mjane aliyepika chai kwa kuni za michikichi. Wavuvi wa Gitaza walikuja mikono ikinuka ndagala. Wengine walitoka Kabezi, wakapanga foleni tangu asubuhi. Mzee mmoja aliyechapwa mwaka 1954 alikuwa akizigeuza kauri kwa kidole makusudi, apate kurudi kwa Bwana Shamba na kumtemea mate. Kulthumu alipangusa ubao kwa ncha ya kanga, mchezo ukaendelea. Na ni Kulthumu aliyekuwa wa kwanza kusema, akiweka kikombe mbele ya Aruna, "Fundi, chai yako hiyo." Siku ile Aruna hakuinywa ile chai. Aliitazama mpaka ikapoa.

Neno hilo, Fundi, ndilo lililokuwa mali yake yote. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na baraza lile, na kikombe kile, na jina alilopewa pamoja nacho.

Aliyeanza kudai ubao wa pili ni Idi, mfanyabiashara wa ndagala, mwana wa shangazi yake Aruna. Watoto wa shangazi na mjomba ni watani. Wanatukanana kwa haki.

"Kisha Uhuru iko nini?" Idi aliuliza, mdomo umejaa karanga.

"Kisha Uhuru mutu anaenda kulala."

"Wapi! Mimi nimefika Uhuru mara arobaini, binamu. Nimechoka kufika. Nipe pa kwenda."

Watu walicheka, na kicheko kile kikageuka deni la miaka kumi. Kila mtu alijua ubao wa pili utakuwaje. Léonard, karani wa komini, ofisi ya serikali ya pale mjini, kijana wa milimani aliyejifunza Kiswahili kwenye baraza lile lile, alitaka mawaziri na bunge. Wavuvi walitaka nyumba mia mbili, na dhoruba. Idi alitaka wanawake. Walibishana juu ya kanuni za mchezo ambao haujakuwapo, na mara moja walipigana. Kisha, kwa kuwa hauji, wakaanza kuutilia shaka. Wengine walisema amekwisha. Wengine, kwamba hata ule wa kwanza alichorewa na Mgiriki mmoja mwenye duka, kabla hajahama. Kulthumu alisema, "Ubao wa pili ni chai ya majani ya jana," akajimiminia.

Aruna alisikia yote. Ua wa karakana yake ulikuwa wa matete, na matete hayazuii sauti.

Ule wa kwanza nao ulikuwa unakufa. Vidole vya miaka minane vilifuta sura za Wazungu. Watoto waliokuwa wakinyonya wakati wa Uhuru waliuliza, "Huyu mwenye fimbo ni nani?" na ukianza kueleza, kicheko hakipo tena. Foleni ikaisha. Kikombe cha Aruna kikaanza kuchelewa. Mwaka 1970, siku ya soko, mtu alimwita kutoka upande wa pili wa barabara, "Weye Kapu, njoo uzibe!" na hakuna aliyegeuka kumkemea. Wiki ile ile akanunua rangi.

Tabu ilikuwa moja. Wazungu wameondoka, sasa achekwe nani? Léonard, ambaye zamani alitaka mawaziri, alikuja karakana peke yake, tai imelegea, akamsalimu kwa lugha ya kwao milimani, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Aruna, amahoro. Usitie mukubwa yeyote. Hata mbwa wa mukubwa usimtie."

"Basi nitie nani?"

Léonard alicheka. "Tutie sisi. Watu wanapenda kujiona."

Aruna alilifikiri neno lile miezi kadhaa. Akaona lina akili. Mtaa wao wa Waswahili ulikuwa wa Wamanyema, Wabembe na Wabwari, na makabila yale yalitaniana arusini na makaburini, yakitukanana mpaka machozi, na jioni yakila sahani moja. Alijiambia mji mzima ni watani wake. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa mbali asingelifanya. Utani ni wa watu wawili. Unaniambia, nakujibu, tumelipana. Kitu kilichochorwa kwa rangi ya mafuta hakingoji jibu. Kinakutukana leo, na kesho ukipita bado kinakutukana, na wewe umesimama pale na maneno yako mdomoni, huna wa kumpa.

Alichora kwa mwaka na zaidi. Mkono uliokosa mtumbwi haukukosa sura ya mtu.

Ijumaa moja ya Machi 1972, baada ya sala, aliuleta umefunikwa kwa kanga. Baraza lilijaa mpaka barabarani. Walikuja hata waliosema amekwisha. Aruna alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa kanzu ya baba yake. Alivuta kanga, akarudi nyuma hatua mbili, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Vichwa viliinama juu ya ubao. Kisha mvuvi mmoja akapiga ukelele, "Ehe! Huyu Léonard!"

Nyumba ya saba: karani amelala mezani, kalamu imesimama wima mkononi, na nje benchi la watu lililoota majani. *Ngoja aamke. Kosa zamu tatu.* Baraza lililipuka. Nyumba ya kumi na tisa: birika kubwa, na Kulthumu akichota maji moja kwa moja ziwani. *Ukikuta sukari, songa mbili.* Wakapiga mapaja. Nyumba ya thelathini ilikuwa ya Idi, tajiri wa ndagala anayeogopa maji, amepandisha suruali hadi magotini, yuko mbali na wimbi, akiwaamuru wavuvi kwa kidole. Idi alicheka kuliko wote. "Umeninenepesha, mwizi weye!" alisema. "Lakini ndiye mimi. Wallahi ndiye mimi!"

Kwa muda wa kumaliza kikombe, Aruna alikuwa Fundi kuliko alivyopata kuwa. Nadhani kama angekufa dakika ile angekufa mtu mwenye bahati.

Kauri zilirushwa. Mchezo ulipotembea, ikaonekana kwamba kila mtu anacheka mpaka afike kwake. Mtumbwi ukisimama kwenye nyumba yako, watu wanasoma kwa sauti, wanasoma tena, wanakuomba usimame wakulinganishe. Kicheko kilianza kuwa na meno. Kulthumu alikusanya vikombe, vingine vikiwa bado na chai.

"Miaka kumi nakunywesha," alimwambia Aruna. "Maji ya ziwa, eeh? Yatapike basi."

"Mama Kulthumu, iko utani tu."

"Utani na nani? Mimi na weye tumetaniana lini?"

Léonard hakupaza sauti. Aliinama juu ya nyumba ya saba muda mrefu, mikono mifukoni. "Mukubwa wangu akipita hapa akaona hii," alisema, "mimi nitakuwa nani?" Alinyoosha mgongo. "Huu si mchezo. Ule wa kwanza ulikuwa mchezo."

Basi ikawa wote walikuwa wakilijua hilo tangu mwanzo. Nyumba ni chache. Rangi ni mbaya. Mwisho hauna Uhuru, una ufuko tu, na ngazi ya karakana. Mwisho gani huo? Waliochorwa walitukana kwamba wamechorwa, na wasiochorwa wakauliza kwa nini hawamo. Aruna aligeuka huku na huku, akitafuta uso mmoja wa kumtetea, akaupata wa Idi.

Idi alikuwa mtani, na mtani aliyetaniwa ana zamu yake. Watu walikuwa wanamngoja. Alimeza karanga.

"Nyumba moja umeisahau, binamu," alisema. "Iko wapi ya Sefu? Mtumbwi wa Kapu: zama, usirudi tena."

Kwa sheria ya utani hakukosa. Watani huruhusiwa kutania hata maiti. Baraza lilisita kidogo, likapima kama ni halali kucheka, likaona ni halali, likacheka. Kapu, mtu mmoja alirudia, akilionja neno. Kapu, Kapu, wakaitikia wengine, wakipiga makofi polepole, hata wale watoto waliokuwa hawalijui. Aruna alibaki na tabasamu alilokuwa nalo mwanzoni. Hakupata nafasi ya kulivua.

"Paruza," Léonard alisema. "Sasa hivi, mbele yetu."

Wakaleta randa kutoka karakana. Aruna alipiga magoti na kanzu ya baba yake, akaanza na nyumba ya saba. Usingizi wa karani ukatoka kama ganda la kitunguu, ukaanguka sakafuni. Birika likafuata. Kila mmoja alidai yake itoke na ya jirani ibaki, lakini hakuna aliyekubali kuwa wa kubaki, na randa ikawamaliza wote. Walipofika nyumba ya thelathini Idi alisema, "Mimi niache. Mimi ni mtani wako, mimi sina neno."

Aruna hakuinua kichwa. Pale alirudia mara tatu, kwa nguvu, mpaka ubao ukafanya shimo.

Tangu siku ile hakurudi barazani. Aliitwa Kapu, akaitika.

Aprili ilipokwisha, mauaji yalifika kwenye ufuko wetu. Kwanza walikuja waasi wenye mapanga, wakachinja. Kisha wakaja askari wa serikali wenye malori, na hao walikuwa na orodha na muda. Léonard aliuawa siku ya kwanza, mlangoni pa ofisi. Idi aliitwa komini wiki ya tatu, kwa maelezo, akaenda kwa miguu yake akiwa amevaa viatu vizuri. Lori liliondoka na wanaume arobaini kuelekea kaskazini. Halikurudisha hata kofia. Watu waliogopa kulia kwa sauti, kwa sababu hata kilio kilionekana kama ushahidi.

Mwezi wa sita, adhuhuri, Zuwena, mke wa Idi, alikuja karakana. Hakuwa ameanza eda. Hakuna aliyeweza kumwambia ahesabu kuanzia siku gani. Hakuna maiti iliyooshwa, wala tanga lililowekwa.

"Shemeji," alisema. "Nataka kumwekea tanga mume wangu. Ndani, kimya, wanawake wachache."

"Vizuri."

"Tanga haliondoki bila mtani."

Aruna alijua. Kwa watu wetu, mtani ndiye anayeingia kati ya waliofiwa siku ya mwisho, akavaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akazungumza kwa sauti yake, mpaka mjane acheke apende asipende. Kicheko hicho ndicho kinachomtoa maiti nyumbani. Mtani wa damu wa Idi aliyebaki alikuwa mmoja tu.

"Nimeiweka kanzu yake," Zuwena alisema. "Njoo, Fundi. Muda mfupi tu."

Alilitamka neno lile taratibu; alijua thamani yake. Aruna aliendelea kusukuma randa. Mbele yake palikuwa na ubavu wa mtumbwi wa mtu, uliopasuka.

"Utani umekwisha," alisema.

"Anakuomba yeye, siyo mimi."

Randa ikaenda, ikarudi. Halafu, kwa kuwa hakuna mwingine, Zuwena alifanya mwenyewe. Alisukuma tumbo mbele, akafunga mikono nyuma ya kiuno, akatembea kwenye maranda toka mlangoni hadi kwenye msumeno, akakohoa, akasema kwa sauti nzito, "Humu kuna watu au kuna kuku?" kama Idi alivyosema kila jioni akifika nyumbani. Sauti ilimpasukia katikati. Aligeuka, tumbo bado mbele, akamtazama Aruna, akingoja.

Aruna aliacha kazi, akamtazama vizuri, kwa jicho lile lililoweza sura za watu.

"Si hivyo," alisema. "Alikuwa anakohoa mara mbili."

Zuwena alingoja amwonyeshe. Alisimama pale, mikono bado imefungwa nyuma, mpaka akaelewa kwamba hataonyeshwa. Aruna alikuwa amekwisha kuinama tena juu ya ubavu wa mtumbwi.