Ndege Iliyochungulia Ukuta wa Theta

Mume wangu aliporudi kutoka Yugoslavia, alikopelekwa na jeshi letu kulinda amani, alikuja na hadithi moja ambayo hakuchoka kuisimulia. Aliwaona wanajeshi wa nchi nyingine wakirusha ndege ndogo isiyo na rubani kutoka nyuma ya lori. Ilivuka kilima, ikapiga picha za mizinga iliyofichwa upande wa pili, ikarudi. Siku hizi tunaiita droni. Wakati ule hatukuwa na jina lake.

Tuliishi Ngoingwa, nami nilikuwa nikishona katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika. Mama yangu alikuwa na shamba huko Theta, linalopakana na uwanja wa shule ya msingi. Mwaka ule tajiri mmoja mwenye marafiki wakubwa aliuzungushia uwanja ule ukuta wa mabati, akaweka walinzi na mbwa. Wazazi walipolalamika, chifu aliwaambia uwanja uko vilevile, mabati ni ya kuzuia ng'ombe. Na malori ya kokoto yalikuwa yakiingia kila asubuhi.

"Basi tuutazame kutoka juu, kama wale wanajeshi wako," nikamwambia mume wangu.

Alicheka. Aliponiona sicheki, akaanza kuichora ndege yetu.

Injini na rimoti tulinunua kwa mwalimu mmoja Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao, ambaye zamani alikuwa akirusha ndege za kuchezea. Mabawa yalikuwa ya mbao nyepesi, nami nikayavika nailoni ya miavuli mibovu. Tumboni tulifunga kamera ya kawaida ya filamu, na kijimota cha kubonyeza kitufe chake.

Tuliijaribu Ruiru, kwenye shamba la kahawa lililong'olewa mibuni. Iliruka vizuri, lakini picha zilitoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Injini ilikuwa mbele, ikaitemea kamera mafuta, tena ikaitikisa. Mume wangu akakumbuka kuwa ile ya wanajeshi ilikuwa na panga lake linalozunguka nyuma, likiisukuma. Tukaihamisha injini nyuma. Nami nikakata sponji ya godoro, nikailaza kamera ndani yake.

Alitaka tuirushe Theta alfajiri, kabla watu hawajaamka.

"Kwa nini tujifiche?" nilimuuliza. "Anayejificha ni yule wa mabati."

Tukairusha Jumamosi mchana kutoka shambani kwa mama, kwa mipira ya tyubu tuliyoivuta kama manati. Walinzi waliirushia mawe, mbwa wakabweka, mama akapiga vigelegele. Ikazunguka uwanja, kisha ikaanguka kwenye maharagwe ya mama bila kuvunjika.

Picha zilionyesha msingi wa nyumba za ghorofa umechimbwa, na magoli ya watoto yamelazwa kando kama kuni. Tukazikuza kwa mpiga picha wa Thika. Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilizibandika kwenye mabati yenyewe, kwa uji mzito wa ngano.

Kesho yake polisi walimchukua mume wangu pamoja na ndege. Nilifika kituoni na akina mama wa shule, tukaketi mlangoni.

"Nani amewaruhusu kupeleleza kama jeshi?" mkubwa wa kituo akaniuliza.

"Afande, jeshi hupeleleza adui. Sisi tumetazama uwanja wa watoto wetu. Kama kuna adui mle ndani, tuambie ni nani."

Hatukuondoka. Jioni mume wangu akaachiliwa bila kushtakiwa, na wiki hiyohiyo wazazi wakayang'oa mabati mchana kweupe. Nusu ya uwanja ilirudi. Nusu nyingine tajiri hakuiachia, na ina maghorofa hadi leo, na kila nikipita pale hasira hunipanda upya.

Ndege yetu polisi hawakuirudisha. Nilikwenda kuidai mara nyingi, nikaambiwa ni ushahidi.

"Wa kesi gani, afande?"

Mara ya mwisho, mkubwa wa kituo ndiye aliyeniuliza. "Mama, mko na mpango wa kutengeneza nyingine?"

"Ndiyo. Kubwa zaidi."

Kusema kweli, hatukuwahi kupata rimoti nyingine. Lakini hilo sikumwambia, na kwa muda mrefu askari wa kituo kile waliponiona sokoni walikuwa wakitazama juu.