Hita ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipotuletea habari kutoka Pemba kwamba amepata viza, anakuja kumlea mwanawe atakapojifungua, neno la kwanza lililonitoka halikuwa la shukrani. Niliuliza, "Atalala wapi?" Mke wangu, tumbo limemtangulia, akanitazama kana kwamba nimetukana. "Atalala hapa hapa. Kwani mama'angu mgeni?" Niliona haya kwa kuuliza. Kisha nikageuka kupatazama hapo hapo penyewe, haya zikazidi.

Tulikuwa tukiishi kwenye boti. Si boti ya safari. Ni boti ya kukaa, fupi, kuukuu, imefungwa kamba kwenye ukingo wa mto nyuma ya maghala ya Edmonton, huku kwa Waingereza. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho, na mimi nilikuwa nimechoka kuishi chumba cha kupanga ambamo mwenye nyumba hugonga ukuta kila ukikaanga samaki. Niliinunua kwa ubishi wangu mwenyewe, kwa mzee wa Kiingereza aliyekwisha kuichoka. Mbele palikuwa na chumba cha kulala, katikati jiko na choo, na nyuma kabisa, karibu na injini, kijinafasi cha kujikunja mtu mmoja. Chumba cha mbele hakikuwa na mlango; kilikuwa na pazia. Tulipokuwa wawili tu, mimi na mke wangu, niliiona boti hiyo jumba. Siku niliyosikia mama mkwe anakuja, niliiona sanduku.

Kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Huketi naye mkeka mmoja, hucheki mbele yake kwa meno yote, wala huingii chumba alichomo mpaka ubishe hodi na uitikiwe, na ukiitikiwa bado unatafuta sababu ya kutoingia. Sasa mtu huyo ilikuwa nimlaze upande wa pili wa pazia.

Lakini lililonitia hofu zaidi lilikuwa baridi. Mzazi kwetu hukaa arobaini yake ndani, anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja tumboni, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na baridi haimgusi. Baridi ikimwingia mzazi, wazee wanasema, haimtoki tena. Na mtoto wetu alitarajiwa Disemba, kwenye boti yenye jiko la makaa lililokuwa likimwaga moshi ndani badala ya kuutoa nje. Mkunga aliyekuja kututembelea alilitazama mara moja akasema hapana. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na nyumba Edmonton hiyo hiyo, ya matofali, yenye radieta kila chumba. Alikwisha kuniambia kwamba mama yake akisikia baridi tu, atawachukua wote kwake, na mimi nibaki na bata wangu wa mtoni. Aliyasema kwa utani, ila chumba alikuwa ameshakitandika.

Basi nikatafuta hita. Haikuwa hita ya kuchomeka ukutani. Ilikuwa ya dizeli, ya kupuliza hewa ya moto, imetolewa kwenye lori lililokufa, kijisanduku cha chuma cha kubeba kwapani. Ndani yake dizeli huungua mahali palipofungwa, moshi ukatoka nje kwa ekzosi yake, na feni hupitisha hewa safi juu ya chuma kilichopata moto na kuisukuma kwenye bomba laini, nene kama paja la mtoto, mpaka chumbani. Kazi yangu ilikuwa kufua mashuka kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ufundi huu niliupata kwenye kijitabu kilichokuja na hita, na kwa kukasirika.

Niliifunga nyuma, ubavuni mwa injini. Kwa ajili ya ekzosi ilinibidi nitoboe ubavu wa boti, juu ya usawa wa maji, na nakumbuka nilivyoishika drili nikasoma bismillahi mara kadhaa, maana nyumba inayoelea ukiitoboa pasipo pake huna wa kumlaumu. Ekzosi nikaizungushia kitambaa kisichoshika moto. Pampu ya dizeli nikaining'iniza kwa mpira isipige kelele, na bado ikawa inagonga, tik, tik, tik. Bomba la hewa nikalipitisha chini ya sinki, nyuma ya choo, likatokeza chini ya kitanda cha mbele.

Kijitabu kilisema wazi: weka matundu mawili ya kutolea hewa, ili ikizuiwa huku ipite kule. La pili lingekuwa kwangu, nyuma, nilikohamia kulala. Nikakataa. Nijilaze mimi naota joto, nikigawana na mama mkwe? Joto lote liende kwao. Niliona hiyo ndiyo adabu. Nilikuwa pia na hamu ya kusifiwa, hilo silifichi.

Mama mkwe alikuja amevaa sweta juu ya sweta ndani ya buibui, na soksi za mwanawe wa kiume. Shemeji alimshika mkono kwenye ubao wa kuingilia. Aliinama, akaingia, akatazama mbele, akatazama nyuma, na hapakuwa na pengine pa kutazama. "Vyema," akasema. Neno hilo nililichambua siku nzima, sikupata kujua lilikuwa la heri au la msiba.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Tuliwarudisha kutoka hospitali hita ikinguruma, na chumba cha mbele kilikuwa na joto la kuivisha ndizi. Nilijiona mwanamume. Kila nikirudi kazini nilisimama upande wangu wa pazia nikabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Joto linatosha?"

"Linatosha, baba. Mungu akuzidishie."

Hapo ndipo nilipopotea. Mkwe atakwambia nini zaidi ya linatosha? Ungemkalisha juu ya barafu angesema linatosha. Nikaamini kabisa kwamba anasikia baridi na ananisitiri, nikaongeza moto. Kesho yake nikauliza, akasema linatosha, nikaongeza tena. Mke wangu alipotoka na jasho usoni akaniambia, "Mbona moto hivi?" nilimjibu kwa ukali kwamba hita hii sikumfungia yeye, nimemfungia mama yake.

Jumamosi moja mchana nikiwa nyuma, sauti ya hita ikabadilika. Feni ilianza kulia kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa, kisha kila kitu kikanyamaza, taa nyekundu ikawaka. Nikaiwasha tena, ikanguruma, ikazima. Nikaiwasha tena na tena, mwisho ikagoma kabisa, haikujibu hata swichi. Nje barafu ilikuwa imeshika kamba za boti.

Nikaenda mpaka kwenye pazia. Ndani nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Mzazi alikuwa anakandwa. Kuingia hakukuwa na njia.

"Mama, samahani. Lile tundu la hewa chini ya kitanda, liko wazi?"

"Liko wazi, mwanangu."

Mama mkwe akishasema liko wazi, liko wazi. Utamwambia, hebu toka nikahakikishe? Nikarudi kwenye hita yangu, nikaifungua, nikaifunga, vidole havishiki spana kwa baridi, nikiitukana kwa sauti ya chini ili matusi yasivuke pazia. Giza la mapema la huku, la saa kumi jioni, lilipoingia, nilisikia mtoto akilia kwa namna nyingine, kilio chembamba. Mama mkwe akasema kutoka ndani, kwa upole ulioniuma kuliko angenikaripia, "Mwanangu, usione vibaya. Mpigie simu kaka yake."

Shemeji alifika na gari, akaingia bila kuvua koti. "Shemegi, si n'likwambia? Dada'angu si bata. Mtoto mchanga hawezi kukaa kwenye fridge, come on." Yeye alimbeba mtoto. Mimi nilibeba beseni. Nilipita nalo kwenye njia ya kando ya mto, majirani wa boti nyingine wakichungulia kwenye vidirisha vyao, na nilitamani mto unimeze pamoja na beseni langu. Mama mkwe aliponipita, alijifunika uso kwa ukingo wa buibui, hakunitazama. Nikajua nimeshuka machoni pake, na kwamba mke wangu na mtoto sitawapata tena mpaka arobaini iishe, pengine hata baada ya hapo.

Kesho yake chumba cha mbele kilikuwa kitupu, naweza kuingia bila hodi. Nikainua godoro na mbao za kitanda. Tundu lilikuwa wazi kama alivyosema. Nikaingiza mkono ndani ya bomba, mpaka kiwiko, na vidole vikagusa nguo. Nikavuta. Ikatoka kanga, imekunjwakunjwa, ngumu kwa ukavu, na katikati yake moto ulikuwa umeacha alama ya kahawia, duara. Maandishi ya kanga yalikuwa yameliwa na alama hiyo, sikuweza kuyasoma.

Nikakaa juu ya zile mbao. Walikuwa wanaungua mle ndani. Yule mama alikuwa akichemka na mwanawe na mjukuu wake, na kwa kuwa hawezi kumwambia mkwewe kwamba joto lake limezidi, aliziba tundu kwa kanga yake. Mimi nikaongeza moto, naye akaisukuma kanga ndani zaidi, mpaka ikazama asikoweza kuifikia. Hewa haikuwa na pengine pa kutokea, hita ikazidiwa na moto wake ikajizima, maana tundu la pili sikulitoboa.

Nilipandwa na hasira kwanza. Nilikwenda mpaka kwenye kibanda cha simu barabarani nikashika mkonga, nimwambie shemeji kwamba hita yangu nzima, ufundi wangu mzima, na aliyeharibu yuko hapo kwake anakunywa chai. Sauti ya simu ikawa inalia sikioni. Nikamwona mama mkwe akisikia maneno hayo yakisemwa mbele ya mwanawe, nikaurudisha mkonga mahali pake. Nilikuwa nimeona aibu ya mtu mzima ambayo haikuwa imewekwa kwa ajili ya macho yangu, kama niliyemfungulia mkoba. Nilirudi botini nimeinamisha kichwa, na hakukuwa na mtu wa kuniona.

Siku hiyo hiyo nikatoboa tundu la pili. Nikaichomoa hita kwenye betri ya boti kwa muda, kama kijitabu kilivyoelekeza, ili isahau ugomvi, nikairudisha, ikawaka. Kanga nikaenda kuifua kazini, pamoja na mashuka ya wazee. Ilitakata, alama haikutoka.

Kwa shemeji walikuwa wamekaa sebuleni. Mama mkwe alikuwa pembeni kabisa ya kochi, mtoto mapajani. Nikasema nikiwa bado nimesimama, "Hita imepona. Makosa yalikuwa yangu. Kijitabu kinasema matundu mawili, mimi nikatoboa moja."

Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemegi! Mtu ana kitabu mkononi na bado anakosea! Si ungeita professional, bwana?" Mke wangu hakucheka. Aliinamia vidole vyake, na niliona kwamba ananionea haya mbele ya kaka yake. Hilo liliniuma kuliko kicheko, lakini hata baadaye sikumwambia kisa cha kanga.

Mama mkwe alimweka mtoto begani.

"Basi tutarudi," akasema.

"Mama, hapa pana radiator kila room," shemeji akadakia.

"N'shasema tutarudi. Arobaini haijesha."

Kabla hawajafika nilihangaika na ile kanga. Nikiificha, ataitafuta. Nikiiacha mahali, atajua nimejua. Mwisho niliikunja, alama ndani, nikaiweka katikati ya nguo za mtoto zilizofuliwa. Alizibeba zote ndani ya pazia. Jioni nikabisha hodi, nikatoa shikamoo, nikauliza kama joto linatosha.

"Limezidi kidogo, mwanangu. Punguza."

Nikapunguza.

Boti tuliiuza mtoto alipoanza kutembea, maana mtoto anayetembea na mto havikai pamoja. Tukapata flat, yenye radieta. Mama mkwe alirudi kututembelea miaka ya elfu mbili, na binti yetu alikuwa amefika umri wa kupekua makabati. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu Kiingereza. Alitokea sebuleni amejitanda ile kanga, aliyoiacha bibi yake kati ya nguo zake za uchanga, kidole kimeingia kwenye duara la kahawia, palipokuwa pamekwisha kuchanika.

"Dad, who burnt this?"

"Mimi," nikasema haraka. "Nilifunga hita vibaya, siku ulipokuwa mchanga."

"You always break things."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, tasbihi mkononi. Kiingereza hajui, ila kanga aliiona, na jibu langu alilisikia. Tasbihi ikasimama.

"Si yeye," akasema.

Binti yetu akageuka. "Then who, Bibi?"

Mama mkwe akauvuta mtandio akajifunika uso, na mimi nikatoka haraka kwenda jikoni kutia chai, maana sikujua pa kuuweka uso wangu.