Nilivyotangaza Kuwa Kompyuta Imepata Sauti

Nalisema hili mwenyewe kabla hamjalisikia kwa dada Kabula, tunayefanya naye kazi hapa Mkuyuni. Mimi na wenzangu wa nchi mbalimbali tunajitolea kutengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure kwa yeyote. Upande wa sauti ulitelekezwa miaka mingi. Niliapa kuufufua, na kazi hiyo bado sijaiacha.

Wiki sita nilihangaika, kompyuta ikabaki bubu. Jumamosi nikarekebisha mstari mmoja, nikafungua ngoma niliyorekodi Bujora. Ngoma ikalia! Niliruka hadi kiti kikaanguka, nikawaandikia wenzangu wote: "Nimeweza!" Pongezi zikamiminika. Nikamwita Kabula aje ashuhudie.

"Kweli inalia," akasema. "Hebu izime kidogo, kaka Masanja, nipokee simu."

Nikaizima. Ngoma ikaendelea. Nikachomoa hata waya wa umeme, kioo kikawa cheusi. Ngoma ikazidi kunoga.

Kabula akafungua dirisha. Chini uwanjani, kikundi cha ngoma kilikuwa kikifanya mazoezi ya harusi. Akawatazama, akanigeukia.

"Kwa hiyo hawa ndio uliowatengeneza?"