Mlango wa Jikoni wa Loyd Tackett

Kwa miaka thelathini na mmoja Harlan Bledsoe hakuwahi kubisha hodi kwa Loyd Tackett. Kubisha ni kwa wapiga kampeni na wauza bima. Jirani huingia kwa mlango wa jikoni, anafungua friji mwenyewe, kisha analalamika hakuna cha maana ndani. Hivyo ndivyo waungwana wa upande ule wa Oklahoma wanavyoishi, na Loyd, mgane wa maneno machache aliyestaafu ufundi wa mabasi ya shule, hakutaka iwe vinginevyo.

Mwezi Machi, Loyd akiwa kanisani, wezi wakauvunja mlango huo. Walichukua televisheni na pete ya marehemu mkewe, Opal. Televisheni haikumuuma. Wiki hiyohiyo akanunua kamera, makomeo matatu na bastola, na Harlan, seremala, akaja kuyafunga makomeo.

"Sasa mimi nitaingiaje, we mzee?" Harlan akauliza, skrubu mdomoni.

"Utabisha, kama watu wengine."

"Nibishe hapa? Na wewe nianze kukuita Bwana Tackett?"

Walicheka. Lakini tayari Harlan alikuwa ameanza kusahau: kwanza majina ya watu, halafu nyundo ameiweka wapi, halafu njia ya kurudi nyumbani. Mkewe, Verna, alimwomba Loyd amtupie jicho akimwona anazurura. Loyd akamwambia asiwe na wasiwasi.

Alhamisi moja ya Oktoba, saa tisa mchana, Loyd alikuwa amesinzia kitini. Akasikia mlango wa jikoni unatikiswa. Kisha bega likagonga, likagonga tena, ubao ukapasuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Loyd hakutazama kamera, hakuuliza nani. Mlango ulipofunguka akaona kivuli cha mtu mbele ya jua, akafyatua.

Harlan alianguka chali pale mlangoni, uso umejaa mshangao.

"Loyd," akasema, "huu mlango wako umekwama."

Hakusema lingine. Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa amekwisha kata roho.

Sherifu aliandika maelezo yote, kisha akafunga daftari. "Mzee Loyd, nyumba ni yako, mlango umevunjwa, umehofia maisha yako. Sheria inakulinda. Nenda kapumzike."

"Kwa hiyo sina kesi?"

"Huna kesi hata kidogo."

Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Loyd haukumkata upande wowote, akabaki na kosa lake zima kifuani.

Kesho yake alikwenda mgahawani kwa sababu hakuweza kukaa jikoni kwake. Mungu awasamehe wanaume wale. Mmoja alimpigapiga begani. Mwingine akasema, "Kumbe mzee bado una shabaha! Wezi sasa watatupitia mbali."

"Hakuwa mwizi," Loyd akasema.

"Tunajua, bwana. Lakini ungejuaje? Ni haki yako."

Loyd aliiacha kahawa inafuka mvuke, akatoka. Hakuhitaji kuambiwa haki yake. Alihitaji neno moja tu kutoka kwa Verna, hata likiwa tusi, na pazia la Verna lilikuwa limefungwa tangu Alhamisi.

Jumamosi asubuhi kengele ya mlango wa mbele ikalia. Alikuwa Verna, na karatasi mkononi. Kabla akili haijamtoka, Harlan alikuwa ameandika mazishi yake, kama wazee wengi wa pale wafanyavyo: suti gani, nyimbo zipi, na watu sita wa kubeba jeneza. Jina la kwanza lilikuwa la Loyd.

"Wanangu wanataka nilifute," Verna akasema. "Mchungaji naye."

"Lifute, Verna. Wana haki."

"Usinipangie! Nimepangiwa vya kutosha wiki hii."

Loyd akainamisha kichwa. "Sherifu anasema sina kosa."

"Sherifu kasema. Mimi sijasema."

"Basi sema. Nakuomba."

Verna alikunja karatasi, akaikunja tena. "Ungemwita tu jina lake. Mara moja. Hata siku ambazo mimi mwenyewe alikuwa hanijui, ukimwita Harlan anaitika. Angekuitikia, Loyd."

Loyd akalia kama mtoto, ameshika fremu ya mlango. Verna alimngoja amalize. Hakumgusa.

"Jumatatu saa nne," akasema. "Vaa tai. Utashika mbele, kulia, kama alivyoandika."

"Umenisamehe?"

"Hapana," akasema Verna, akashuka ngazi.

Jumatatu Loyd alishika mbele, kulia. Nyuma yake alikuwa mtoto mkubwa wa Harlan, ambaye hakumpa hata salamu. Njia kutoka kwenye gari hadi kaburini ilikuwa fupi, nayo ilimmaliza. Walipoliweka jeneza juu ya kamba, wabebaji watano wakarudi nyuma. Mkono wa Loyd ulibaki kwenye mpini. Mchungaji akakohoa. Watu wakatazama majani. Loyd alijua anatakiwa kuachia, na vidole havikumtii.

Verna akainuka kitini, akaja, akamfungua vidole kimoja kimoja bila kumtazama usoni.

"Mwachie, Loyd," akasema. "Mwachie aende."