Kengele ya Verena

Kwa miaka ishirini na miwili Verena Camenzind alilinda gati la Gersau, kijiji kilicho kando ya ziwa. Wakati wa baridi, ukungu ukilifunika ziwa, ndiye aliyepiga kengele ili nahodha ajue pa kuegesha. Kengele isiposikika, meli hupitiliza. Na siku hiyo ya ukungu mdogo wake Agatha alikuwa anakuja, ambaye hawajasemeshana naye tangu wagombane kwenye mazishi ya mama yao, miaka tisa sasa. Agatha alishaandika kwamba hatajaribu kuja mara ya pili.

Verena alianza kupiga nusu saa kabla ya wakati. Anapiga, anasikiliza, anakwenda hadi ukingoni, anarudi mbio kwenye kamba.

"We mama, unatuua masikio!" Alois mwokaji akapaza sauti kutoka mlangoni pake. "Hata samaki wameamka!"

"Rudi ukakande unga wako, Alois!"

Mkono ulipokufa ganzi akatumia wa pili. Hatimaye meli ikatokeza ukunguni, ikafungwa, Agatha akashuka na sanduku lake. Verena bado anapiga tu.

"Dada, acha basi," Agatha akasema, akimshika kiwiko. "Si nimeshafika?"

Verena akaiachia kamba. Mikono yake haikujua iende wapi, mpaka Agatha alipompa sanduku alibebe.