Kazi ya Moyo Huwezi Kumfanyia Mtu

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ukungu ambayo kila nikiikumbuka moyo hunirudisha kwenye siku zangu za kwanza hapa Lupepo. Nilikuwa bibi harusi, bado mgeni nyumbani kwa mume wangu, na mama mkwe alikuwa amesimama kwenye migomba na jembe lake. Nilimkimbilia nikamnyang'anya.

Sifa ya mkamwana kwetu ilikuwa hiyo: mama mkwe akae, wewe ulime, uchote, upike. Akionekana na mzigo kichwani, majirani walisema umeolewa kuja kula. Na ndiyo miaka ambayo serikali iliruhusu watu kufanya biashara huria. Mume wangu alipeleka ndizi Mbeya mpaka Dar, akanunua pikapu, akavuta bomba la maji mpaka uani, akamletea mama yake sukari na kochi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Mimi nilivyopewa langu, nikachukua na la mwenyeji.

Hedhi ilikuwa imemkoma mama mkwe miaka michache nyuma. Basi akakaa. Akanenepa, tukafurahi, tukajua anatunzwa. Alichokitamani kilikuwa kimoja tu: kwenda Ibighi kwa miguu kumwona dada yake, kama alivyozoea. Pikapu ilikuwa safarini kila siku. Siku alipojaribu, pumzi ilimwishia kwenye kilima cha kwanza, akarudi ameshika kifua, akilia kwamba atakufa hawajaonana.

Mume wangu alimpeleka hospitali Igogwe, nami nikafuatana nao. Daktari alikuta presha iko juu. Akatueleza kwamba hedhi ikikoma homoni za kike hupungua, na hizo zilikuwa zikisaidia kulinda mishipa ya damu. Tangu hapo moyo wa mwanamke unataka kusaidiwa zaidi. Akampa dawa, akasema nguvu zikirudi atembee, aanze taratibu.

"Daktari, mama amechoka huyu," nikadakia. "Kazi zake zote nafanya mimi."

Mama mkwe akanigeukia.

"Mwanangu, iliyokoma ni damu ya mwezi. Miguu yangu haijakoma. Unanipenda, ndaga, asante. Lakini kazi ya moyo wangu huwezi kunifanyia wewe."

Nguvu zilipomrudia, tukatoka wote wawili. Tulipoanza kutembea, tuliishia kwenye shamba la chai la jirani, tukarudi. Pole pole ndio mwendo. Baadaye tukafika darajani, halafu mbele ya daraja. Majirani walinisema kweli, eti namtesa mama wa watu kwenye baridi. Yeye akawajibu, "Njooni basi," na wengine wakaja. Msimu wa maharage ulipofika tulikipanda kilima kile mpaka juu, tukashuka, tukaingia Ibighi. Dada yake alikuwa akipepeta. Aliuacha ungo chini, wakashikana mikono, wakacheka mpaka machozi.

Ametangulia siku nyingi sasa, akiwa mzee hasa. Nami hedhi imenikoma, na njia ile naipita peke yangu. Ninachokikosa ni mgongo wake mbele yangu, na ule wimbo wa kanisani aliouimba huku anapanda. Nina hamu naye, mwanangu, sikufichi.

Basi shika hili. Mwanamke akikoma hedhi asikalishwe kama mgonjwa. Atembee kwa kuchangamka siku nyingi za wiki, alime, acheze ngoma, apime presha, na dawa aliyopewa asiiache kwa sababu anajisikia vizuri. Kifua kikimbana asivumilie, aende hospitali saa hiyo hiyo. Na wewe, mapenzi yako yasimnyang'anye mama jembe. Tafuta la pili mlime pamoja. Akikuambia twende, usimwambie kesho. Mimi ningetoa kila nilicho nacho anite leo.

Kyala, Mungu wetu, akupe moyo wenye nguvu, na akuwekee mama yako mbele yako njiani, akikulalamikia kwamba unamchelewesha.